Shajara ya jakuzi la uani, Brooklyn Park

Agosti, wiki ya mwisho

Jakuzi lilikuja na nyumba. Kwenye karatasi za mauzo lilitajwa kwa mstari mmoja: linaachwa jinsi lilivyo. Lipo uani juu ya sakafu ya zege, la watu sita, galoni 340 hivi, yaani kama lita 1,300. Maji yaliyomo yana rangi ya mlenda. Kifuniko kimekunywa maji mpaka kukinyanyua kunataka watu wawili wenye nia moja. Skrini haiwaki, na breka, ile swichi inayokata umeme penye hitilafu, ukiipandisha kwenye kisanduku cha ukutani inaanguka papo hapo.

Mwenye mradi ni mke wangu. Ni muuguzi, zamu zake ni za saa kumi na mbili, na mgongo wake una maoni yake kuhusu zamu hizo. Fundi mkuu ni shemeji, kaka yake mkubwa, mtu wa Tanga mwenye leseni ya umeme ya jimbo hili la Minnesota. Alikubali kwa sharti moja: kisanduku cha umeme afungue yeye, mimi nishike tochi. Nami nasema hivyo hivyo kwa anayesoma: kama huna shemeji wa aina hiyo, lipa fundi kwa sehemu ya umeme. Zilizobaki zote unaweza kuzifanya mwenyewe.

Jakuzi lililotelekezwa kwenye nchi ya baridi huulizwa habari za mabomba kabla ya habari za umeme. Januari hapa nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, bomba la PVC linapasuka, na mabomba yenyewe yamezikwa ndani ya foma, ile sponji ngumu ya kutunza joto, iliyopuliziwa ikashikamana na ganda. Kutafuta ufa mle ni kuchimba foma kwa kisu huku ukilaani. Jirani yetu, mzee mstaafu anayejua kila gari linaloingia mtaani, aliniambia jakuzi lilikuwa na maji ya moto majira yote ya baridi yaliyopita, likazimika lenyewe theluji ilipokuwa imeshayeyuka. Hiyo ndiyo habari niliyoitaka. Nikabandika utepe kwenye usawa wa maji, nikaliacha. Maji yamebaki palepale. Mabomba ni mazima, kwa hiyo tunalifufua.

Septemba, mwanzoni: breka

Jakuzi la Marekani la ukubwa huu linakula volti 240 kwa nyaya nne: mbili za moto, yaani zinazoleta umeme, nyutro ya kuurudisha, na ya ardhi. Linalindwa na breka ya ampea 50, ya ile aina inayolinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Tofauti ikifika kama miliampea 5, inakata. Ni kiasi kidogo sana, na kimewekwa hivyo makusudi, kwa sababu aliyekaa upande wa pili ni binadamu aliyelowa. Sheria za umeme za hapa zinataka pia swichi ya kuzimia ionekane kutoka kwenye jakuzi na iwe umbali wa futi 5 au zaidi, ili aliye majini asiifikie kwa mkono. Yetu iko sawa.

Niliuliza kama tununue breka mpya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoanguka.

“Shemeji, breka inayoanguka inafanya kazi yake,” alisema. “Ngoja kwanza tujue inamkimbia nani.”

Alichofanya ni kazi ya subira, na ningependa kila fundi afanye hivyo. Alichomoa mzigo wote, breka ikasimama. Akapima: 240 kati ya nyaya mbili za moto, 120 kutoka kila moja hadi nyutro. Akahakikisha waya wa nyutro wa breka umekaa mahali pake, maana ukifungwa vibaya breka ya aina hii huanguka hata jakuzi likiwa zima. Kisha kwenye bodi akachomoa pampu zote mbili, kifaa cha ozoni (gesi ya kusafisha maji), taa na hita. Akapandisha breka, skrini ikawaka. Akazima, akarudisha pampu ya kwanza, akawasha. Ya pili. Ozoni. Taa. Vyote kimya. Ilipofika zamu ya hita, paa!

Hita ya kilowati 5.5 kwa volti 240 inatakiwa isome kama ohmu 10.5 kati ya ncha zake mbili. Yetu ilisoma hivyo hivyo, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika wakaisifu hita mbovu. Kipimo cha pili ndicho kilichotoa siri: kati ya ncha moja na ganda la chuma mita haikutakiwa kuona njia yoyote, lakini iliiona. Ndani ya mrija wa chuma wa hita waya umezungukwa na unga wa magnesiamu oksidi. Unga huo unapitisha joto lakini hauupitishi umeme, mradi uwe mkavu. Mrija ukitoboka kwa tundu dogo kuliko la sindano, unga unanyonya unyevu, umeme unapata njia ya kwenda ardhini, na breka inauona.

Tulipoitoa, mrija ulikuwa na vidonda vidonda kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga. Nani kautoboa? Kijiti cha kupimia nilichokichovya kwenye yale maji kilionyesha rangi ya mwisho kabisa upande wa tindikali. Na pembeni, chini ya kifuniko, kulikuwa na kopo la plastiki linaloelea lenye mabaki ya vidonge vya klorini vya bwawa la kuogelea. Vidonge hivyo vina tindikali kali. Katika bwawa kubwa la maji baridi vinayeyuka taratibu na tindikali yake inapotelea kwenye wingi wa maji. Kwenye lita 1,300 za maji ya moto vinayeyuka mbio, pH (kipimo ambacho kikishuka, tindikali imezidi) inaporomoka, na chuma kinaanza kuliwa. Kwa hiyo hitilafu iliyotuletea fundi wa umeme ilianzia kwenye kopo la dawa. Nililiandika hilo kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wa gereji, na hadi mradi ulipofika mwezi wa tatu nilikuwa nimepata sababu nyingi za kuliacha lisifutwe.

Tumefunga hita mpya pamoja na bomba lake, wati zilezile na urefu uleule, na gasketi mpya. Jambo dogo la kuzingatia: ncha za hita zina nati mbili. Ishike ya chini kwa spana wakati unakaza ya juu, la sivyo utaizungusha ncha nzima na kupasua sili yake siku ileile uliyoinunua. Usiiache ikiwa legevu pia. Hapo zinapita kama ampea 23, na nati legevu inachoma bodi.

Wakati tumefungua ubao wa pembeni tulimkuta mpangaji. Panya walikuwa wametengeneza kiota kwenye foma, mahali pa joto, chakula kiko kwa jirani. Nimeondoa kiota, nimeziba tundu kwa wavu wa chuma. Waya wa kihisi kimoja cha joto umetafunwa ngozi yake. Nimeufunga kwa sasa, nitaurudia.

Septemba, katikati: uchafu usioonekana

Hamu ilikuwa kumwaga maji machafu na kujaza mapya siku hiyohiyo. Mke wangu akaweka guu chini. “Maji mnayamwaga, sawa. Na utando ulio ndani ya mabomba mnaumwagaje?”

Ana haki ya kuuliza. Ndani ya mabomba ya jakuzi lililolala hujengeka utando wa bakteria, laini, ambao klorini ya kawaida haiupenyi vizuri. Humo hukaa Pseudomonas, anayewapa watu vipele kiunoni na mapajani siku moja mbili baada ya kuoga, na humo anaweza kukaa Legionella, ambaye hastawi kokote kama kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45. Huyu haingii kwa kunywa maji. Anaingia kwa kuvuta vile vitone vidogo vinavyorushwa na mapovu. Alipata jina lake mwaka 1976, wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani, walipougua baada ya mkutano wao kwenye hoteli moja ya Philadelphia. Kwangu mimi kisa kinachotisha zaidi ni cha Bovenkarspel, Uholanzi, Februari 1999. Kwenye maonyesho ya maua kulikuwa na jakuzi la kuonyeshwa tu, watu wanapita na kulitazama. Hakuna aliyeingia majini. Waliopita karibu walivuta ule mvuke, na zaidi ya watu 20 walikufa.

Basi, kabla ya kumwaga tumesafisha. Dawa ya kuosha mabomba imetiwa kwenye maji yaleyale machafu, pampu zikazungushwa kwa kasi ya juu. Kwa muda hakikutokea kitu, kisha nozeli, vile vijimdomo vya kurushia maji, zikaanza kutema makapi ya kahawia, na povu likapanda mpaka ukingoni. Shemeji alisogea nyuma kidogo akasema chai yake atainywea ndani. Tumerudia mpaka povu likatoka jeupe.

Maji hayakwenda kwenye mfereji wa mvua. Mifereji ya mtaa huu inaishia mto Mississippi, na samaki hawana haja na klorini yetu. Tumesubiri klorini isome sifuri, kisha pampu ya kuzamisha ikayatoa taratibu kwenye nyasi.

Ganda likiwa tupu nimekagua vifuniko vya matundu ya kufyonza, yale yaliyo miguuni. Viko vizima, na vimekazwa. Hili nalihesabu kubwa kuliko hita. Mwaka 2002 mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mvuto wa tundu la jakuzi akafa maji. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 kuhusu vifuniko hivyo ina jina lake. Kifuniko kilichopasuka au kukosa skrubu kinalifunga jakuzi siku hiyohiyo, hata kama maji yanang'aa.

Septemba, mwishoni: FLO

Kujaza kuna adabu yake. Ukitupa mpira wa maji katikati ya jakuzi, maji yanapanda yakiifungia hewa ndani ya pampu, na pampu inabaki kuzunguka hewa. Mpira unapitishwa kwenye kisima cha filta, filta ikiwa imetolewa, ili maji yaingie kupitia mabomba na kuisukuma hewa mbele yake. Tulifanya hivyo, na bado skrini iliandika FLO.

Nimekuwa nikisoma watu wanavyoikimbilia alama hiyo. Mmoja ananunua swichi ya presha, mwingine anabadilisha bodi nzima. FLO inasema tu kwamba maji hayapiti kwenye hita vya kutosha, basi. Haijui kwa nini. Kwa hiyo naanza na kilicho rahisi na cha bure: usawa wa maji uko juu ya mdomo wa filta? Vali za kuteleza ziko wazi? Filta imetolewa? Hewa imetoka? Ndipo nifike kwenye swichi, mwisho kabisa kwenye bodi.

Kwetu ilikuwa hewa. Umeme umezimwa, nikailegeza yunioni ya juu ya pampu, kile kiungo cha bomba kinachofunguka, kwa robo mzunguko. Ikakohoa, ikatema hewa, kisha maji yakaanza kuchuruzika. Nikaikaza kwa mkono. Pampu ikanyamaza ule mluzi wake, FLO ikaondoka.

Kisha hesabu niliyoifanya kwenye karatasi kabla ya kuwasha hita. Kupandisha lita 1,300 kwa nyuzi moja kunataka kama kilowati-saa 1.5. Hita ya kilowati 5.5 inafanya hivyo kwa dakika 16 au 17, ikiwa hakuna joto linalopotea. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 12, tunayataka 39. Karatasi ikasema saa saba na nusu. Tumewasha saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni mke wangu alikuwa ndani. Tofauti hiyo ni ya kile kifuniko kilicholowa. Juu ya nyuzi 40 halipandi, na hatulitaki lipande. Hiyo ndiyo kofia ya majakuzi yote ya hapa, kwa ajili ya moyo na shinikizo la damu.

Oktoba: kupika maji

Umeme ulikuwa kazi ya mara moja. Maji ni kazi ya maisha.

Mpangilio ninaoufuata: kwanza ualkali, halafu pH, halafu klorini. Ualkali ndio unaoishika pH isiyumbe. Vitabu vinataka miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ukiwa chini, dawa yake iko jikoni, sodiamu baikaboneti, ileile ya kuumulia. Ukiwa juu, sodiamu baisalfeti kidogo kidogo, pampu ikizunguka. pH naitaka kati ya 7.2 na 7.8. Jakuzi lina tabia ya kuipandisha pH lenyewe, na watu wanadhani dawa ni mbovu. Chanzo ni mapovu: kila ukifungua hewa kwenye nozeli, unaifukuza kaboni dioksidi iliyoyeyuka, na maji yanabaki na tindikali pungufu. Ualkali ukiwa mkubwa mno pH hupanda mbio zaidi, kwa hiyo mimi nauacha karibu na 80 na kuzima hewa tukitoka.

Klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Hicho ndicho kiwango cha CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa majakuzi, na wanaotumia bromini wawe na 4. Nimeanza na chembechembe za dikloro, ambazo zinayeyuka haraka na hazina ile tindikali ya vidonge. Lakini nazo zina mkia: kila zinapoongeza klorini 10, zinaacha asidi ya sayanuriki 9, na hiyo haiondoki mpaka umwage maji. Ikizidi inaishika klorini isifanye kazi, kijiti kinakuambia klorini ipo, na bakteria wanaendelea na sherehe. Kwa hiyo baada ya siku za mwanzo nimehamia kwenye jiki ya dukani, ile nyembamba isiyo na manukato. Kwa lita 1,300, jiki ya asilimia 6 mililita 22 zinaongeza klorini kwa miligramu moja kwa lita. Ni rahisi kukumbuka na ni rahisi mfukoni. Jiki na ile baisalfeti havikutani hata kwa bahati mbaya: kimoja kiko gereji, kingine kiko stoo, kwa sababu vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini. Klorini za aina mbili tofauti nazo hazichanganywi zikiwa kavu, zinaweza kuwaka moto.

Wageni walipokuja Jumamosi, binamu zake mke na watoto wao, tulijifunza kuhusu povu. Sisi ni watu wa mafuta. Mafuta ya nazi, siagi ya shea, losheni, dawa ya nywele. Vyote vimeingia majini. Kufikia jioni kulikuwa na kofia ya povu, na harufu ile kali ambayo watu huiita klorini nyingi. Kumbe harufu hiyo inatokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo, yaani klorini iliyochoka. Tiba yake ni kuongeza klorini mpaka ile iliyoshikana ivunjike, kifuniko kikiwa wazi.

Kesho yake FLO ikarudi. Nikaitoa filta, nikawasha bila filta, FLO ikaondoka. Kesi imekwisha: mikunjo ya filta ilikuwa imepakwa mafuta kama chapati. Maji ya mpira hayayatoi mafuta, na mashine ya kuoshea magari inachana kitambaa. Nimeiloweka usiku kucha kwenye dawa ya filta, nikaisuuza mkunjo kwa mkunjo. Sasa ninazo filta mbili, moja kazini, moja inakauka. Na kuna tangazo mlangoni: oga kwanza, bila mafuta. Mama mdogo mmoja amelichukulia vibaya, lakini maji yamependeza.

Novemba: tone chini ya pampu

Nimeona unyevu kwenye zege upande wa pampu ya kwanza, pamoja na kelele ya chuma kulia. Nimetia karatasi ya choo kuzunguka kila kiungo nikasubiri ni ipi italowa. Yunioni kavu, bomba kavu. Iliyolowa ni ya nyuma ya nyumba ya maji, pale shafti inapopita. Ni sili ya shafti: duara la kauri na duara la kaboni vinavyosuguana vikiwa vimelainishwa na maji yenyewe. Maji yenye tindikali na mchanga wa chokaa huzila. Zikishavuja, tone linakwenda moja kwa moja kwenye beringi, ndiyo ile kelele.

Vali mbili zikafungwa, pampu ikatoka bila kumwaga maji ya jakuzi. Sili mpya ni ya dola chache. Uso wa kauri haushikwi kwa vidole, mafuta ya ngozi yanauharibu. Beringi tumezibadilisha palepale, kwa kuwa pampu ilikuwa imeshafunguliwa.

Yule panya naye amedai haki yake. Skrini imeandika alama ya kihisi. Vihisi hivi ni vya aina ambayo ukinzani unashuka joto likipanda, na jakuzi letu linavyo viwili. Nimevitumbukiza vyote kwenye kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, na mita ikatofautiana sana. Aliyetafunwa ametolewa, mpya ameingia.

Desemba na Januari: baridi yenyewe

Kifuniko kipya kimefika kabla ya theluji kubwa. Nilikichana kile cha zamani nione kilichokiua. Ndani ni foma ngumu iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke. Upande wa juu, unaopigwa na jua na mvua, plastiki ilikuwa nzima. Upande wa chini, unaotazama maji, ilikuwa imekauka na kukatika vipande kama jani la mgomba la zamani. Mvuke wenye klorini ndio ulioila, ukaingia kwenye foma, ukalala humo. Tangu hapo nikiweka dozi kubwa, kifuniko kinakaa wazi kwa muda na pampu zikizunguka, hata nje kukiwa na barafu.

Joto limepungua kupotea mara moja. Zamani usiku maji yalishuka nyuzi kadhaa kabla ya hita kuamka, na kila nyuzi ni ile kilowati-saa 1.5 na ushee. Sasa hita inalala zaidi kuliko mimi.

Bodi ina ulinzi wa kuganda: kihisi kikikaribia baridi ya hatari, inazungusha pampu yenyewe. Ulinzi huo unahitaji umeme. Umeme wa mtaa ukikatika, au breka ikianguka usiku wa manane wakati mmelala, hakuna wa kuzungusha. Maji ya ndani ya ganda yatakaa na moto kwa muda mrefu mradi kifuniko hakifunguliwi. Kinachoganda kwanza ni maji machache yaliyo kwenye mabomba na pampu, nyuma ya ule ubao wa pembeni. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalofanya asubuhi Januari, kabla ya chai, ni kuchungulia dirishani kuona kama skrini inawaka. Mpango wa dharura umeandikwa: blanketi za zamani kuzunguka ubao, na umeme ukichelewa, kumwaga maji yote na kupuliza mabomba kwa mashine ya hewa ya karakana, vali na yunioni zikiwa wazi.

Mama mkwe alikuwepo Krismasi. Alisimama dirishani akiwatazama watoto wake wakiwa kwenye maji ya moto huku theluji ikiwaangukia vichwani, akauliza kama serikali inajua. Siku ya tatu alikubali kuingiza miguu, ya nne akaingia mzima mzima, na kuanzia hapo ratiba ilibadilika, kwa sababu yeye akiwa ndani mimi siingii, na hilo halihitaji maelezo.

Machi

Kuna kanuni ya muda wa maji: galoni gawanya kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya waogaji kwa siku. Kwa 340 na watu wawili, ni siku kama 57. Lakini kanuni hiyo haijui theluji, na kumwaga maji kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni kuwaita mabomba yapasuke. Tulibadilisha maji mwishoni mwa Novemba ili yatuvushe, tukapunguza wageni, na sasa imekuja siku ya joto la nyuzi 8. Dawa ya mabomba imetiwa tena. Makapi yaliyotoka safari hii ni machache, meupe. Hita nimeitoa kuitazama: chuma kinang'aa, hakuna kidonda, hakuna ukoko.

Kilichobaki kwenye orodha: beringi za pampu ya pili zimeanza kulia asubuhi kukiwa na baridi, nimeziagiza. Nozeli mbili za upande wa kushoto hazizunguki, nitaziloweka kwenye siki. Kifaa cha ozoni kinawaka taa lakini mrija wake hautoi mapovu. Shemeji anasema ni vali ya kuzuia maji kurudi, atakuja Jumapili baada ya misa, na ameomba pilau.